Paka wa mawe, sili wa Japani, mashine ya maneno au mtu: nani akae na mzee mchana?

Shangazi yangu anakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ghorofa ya pili, kwenye nyumba yenye ngazi nyembamba za kumtisha yeyote mwenye magoti mabovu. Wanawe ni watatu: mmoja yuko Bamburi, mmoja Muscat, mmoja Marekani. Tangu wajukuu waende skuli asubuhi hadi adhana ya alasiri, yeye na redio tu. Mwaka jana alianza kusahau. Huuliza jambo moja mara kumi, na siku nyingine humtafuta mumewe, ambaye tulimzika zamani.

Yule wa Marekani ndiye aliyeuanzisha mjadala. Alituma video kwenye kundi letu la WhatsApp: bibi wa Kizungu amempakata paka wa roboti, anampapasa, anacheka peke yake. "Nimtumie mama?" Kundi likawaka moto. Wengine wakasema ni rehema, wengine wakasema ni fedheha, na binamu mmoja akauliza kwa nini hiyo pesa isitumike kumwajiri dada wa kukaa naye. Nikapewa kazi ya kutafuta habari. Ninayoandika hapa ndiyo niliyoyakusanya, kwa ajili ya yeyote aliyekwama palepale tulipokwama sisi.

Wanaolinganishwa

Wa kwanza ni paka wa Joy for All. Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilimtoa mwaka 2015, mbwa akafuata mwaka 2016, na tangu 2018 wako chini ya kampuni iitwayo Ageless Innovation. Hatembei. Hulala mapajani, hufumba macho, hulamba mkono wake, hugeuka kuonyesha tumbo ukimpapasa, na hukoroma kwa mtetemo unaousikia kiganjani. Hutumia mawe, yaani betri, manne ya ukubwa wa kati.

Wa pili ni PARO, roboti wa sura ya mwana wa sili, mnyama wa bahari za baridi, mwenye manyoya meupe. Takanori Shibata wa Japani alianza kazi ya kumuunda mwaka 1993. Ana uzito wa kilo 2.7 hivi, yaani kama mtoto mchanga mdogo, na ana vihisi vya mguso, mwanga, sauti, joto na mkao. Ukimpiga, anajua. Ukimwita kwa jina lile lile kila siku, hujifunza kuligeukia. Mwaka 2009 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilimweka katika daraja la vifaa vya tiba.

Wa tatu ni ElliQ, ya kampuni ya Intuition Robotics kutoka Israeli, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 2022. Haina sura ya mtu wala mnyama. Ni kama taa ya mezani yenye kichwa kinachoinama na kuwaka, na pembeni ina kioo cha picha. Inazungumza, tena huanza yenyewe: inakusabahi, inakukumbusha dawa, inakualika kufanya mazoezi ya mikono.

Wa nne ni binadamu: dada wa kazi, mpwa asiye na ajira, au jirani anayelipwa kwa mwezi. Nimemweka kwenye orodha kwa sababu hapa kwetu ndiye chaguo la kwanza la kila nyumba, na si haki kuzilinganisha mashine baina yake tu kana kwamba huyu hayupo.

Nimewapima kwa mambo matano: mzee humpokeaje, afanya nini na hafanyi nini, gharama, kama atastahimili umeme, joto na lugha ya Mombasa, na heshima ya mzee mbele ya dini yake na majirani zake.

Mzee humpokeaje?

Hapa ndipo penye mambo mengi. Kuhusu paka na sili, kuna utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2019 ulionifurahisha kuliko yote. Wazee na mafundi wa roboti walipewa viumbe vile vile wachague. Wazee wengi waliwapenda mbwa na paka wa Joy for All, wa bei nafuu na sura ya kawaida. Mafundi wao wakampenda PARO. Ukitaka kujua kwa nini vifaa vingi vya wazee huishia kabatini, anzia hapo: anayechagua siye anayetumia.

Lakini sili naye ana hoja yake. Shibata alimchagua mnyama ambaye watu wengi hawajawahi kumfuga, kwa sababu paka wa bandia hupimwa na paka wa kweli na kila kosa lake huonekana. Sili hana wa kupimwa naye. Hapa Mombasa sijui hoja hiyo ingekwenda vipi. Namsikia shangazi akiuliza, "Nyama huyu ni wa wapi? Yuwala nini?" Na pengine swali hilo ndilo faida yenyewe, maana limeanzisha mazungumzo. Nyuzilandi, mwaka 2013, watafiti waliona kwamba wazee wa nyumba ya kulelea waliokaa na PARO walipungukiwa na upweke kuliko wenzao waliokuwa na shughuli za kawaida, na walimpapasa na kumsemesha kuliko mbwa wa kweli aliyeishi pale.

Kisha Australia ikatutia adabu sote. Mwaka 2017 Wendy Moyle wa Chuo Kikuu cha Griffith na wenzake walichapisha utafiti wa wazee 415 wenye maradhi ya usahaulifu katika nyumba 28 za kulelea. Kundi moja lilipewa PARO anayefanya kazi, la pili likapewa PARO yule yule aliyezimwa, la tatu likaendelea na huduma za kawaida. Robo saa, mara tatu kwa wiki, wiki kumi. PARO mzima aliwafanya wazee wamtazame na kumsemesha zaidi kuliko yule aliyezimwa. Lakini katika kutuliza mahangaiko, tofauti kati ya mzima na aliyezimwa ilikuwa ndogo sana. Yaani sehemu kubwa ya utulivu ilitoka kwenye kile kitendo cha kupakata kitu laini.

ElliQ hupokewa kwa namna nyingine kabisa. Mzee mwenye akili timamu anajua ni mashine, huitania, huipa jina, huikasirikia ikimkatiza. Ofisi ya wazee ya jimbo la New York ilianza mwaka 2022 kugawa zaidi ya 800 kwa wazee wanaoishi peke yao, na ripoti zake zilisema walioendelea nayo waliizungumzisha mara nyingi kila siku. Kumbuka hao ni wale walioipokea kwa hiari.

Na hilo la hiari lina mtego. Katika tafiti za Ulaya wazee wamesikika mara kwa mara wakisema roboti ni kitu kizuri, ila kwa fulani, yule mpweke, yule dhaifu. "Mimi bado," husema. Ukienda baraza yoyote ya Mji wa Kale jioni, penye kahawa chungu na kashata, ukawauliza wazee wenye bakora zao, utajibiwa hivyo hivyo, na kila mmoja atamwonyesha wa pembeni yake.

Binadamu je? Usidhani hupokewa kwa mikono miwili. Mzee anayesahau humshuku dada mgeni kuwa ameiba leso au hereni. Wengine hukataa kuoshwa na mtu ambaye si wa damu. Mapokezi yake huchukua wiki kadhaa, na yakishakamilika ndipo dada anapopata kazi nyingine Nyali.

Afanya nini, hafanyi nini

Hakuna roboti kati ya hizi tatu itakayomshika mzee mkono kwenye ngazi, kumpikia uji, kumtilia maji ya udhu au kumpeleka kliniki Makadara. Narudia kwa sababu video hazionyeshi hilo. Paka na sili hushika mikono isiyotulia na kumpa mtu wa kumsemesha. ElliQ hukumbusha dawa, ila haiwezi kujua kama kidonge kimeingia mdomoni au kimetupwa dirishani.

Binadamu hufanya yote hayo. Asichoweza ni kuulizwa "Baba yenu yuko wapi?" kwa mara ya ishirini tangu asubuhi na kubaki na uso ule ule. Mimi mwenyewe hufika ya saba tu. Mashine haichoki, na kwa maradhi haya si jambo dogo.

Gharama

Paka wa Joy for All huuzwa Marekani kwa dola 100 na ushei. Kwa shilingi 129 kwa dola, hesabu elfu kumi na tano hadi kumi na nane, bila usafiri na ushuru. PARO ni kama dola 6,000, yaani shilingi laki saba na sabini na kitu. ElliQ haina bei moja ya mwisho: kuna ada ya kuanzia, kisha malipo ya kila mwezi, na ukikoma kulipa umebaki na taa ya mezani.

Mfanyakazi wa nyumbani mjini Mombasa, kima cha chini cha mshahara wake kilipandishwa Novemba 2024 hadi kupita shilingi 16,000 kidogo kwa mwezi. Sote tunajua nyumba zinazolipa nusu ya hapo, na tunajua pia kwa nini wadada hawakai. Ukiziweka hesabu pamoja: bei ya paka ni mshahara wa mwezi mmoja, bei ya sili ni mshahara wa miaka minne. Kwa mzee anayetegemea shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, mashine zote hizi ni hadithi mpaka mtoto wa ng'ambo atie mkono mfukoni.

Umeme, joto na lugha

Paka ndiye mwepesi kuliko wote hapa. Tokeni zikiisha, yeye hana habari, na hahitaji intaneti. PARO huchajiwa kwa kifaa cha umbo la nyonyo anachowekwa mdomoni, kitu ambacho wajukuu watakipenda kuliko mzee. Wote wawili hawana maneno, kwa hiyo Kimvita, Kigiryama au Kihindi kwao ni sawa. Tatizo lao ni manyoya. Msimu wa kaskazi, Januari na Februari, nani anataka manyoya mapajani saa nane mchana? Hewa ya chumvi nayo hula vyuma vya mahali pa mawe, kama ilivyokula redio zetu zote. Mkimchukua, yatoeni mawe kila anapokaa siku nyingi bila kutumika.

ElliQ inahitaji umeme wa kudumu na intaneti ya kudumu, na imetengenezwa kwa Kiingereza. Kwa shangazi hapo mjadala uliisha. Lakini nisiwe mwonevu: Mombasa imejaa wazee waliostaafu bandarini, reli, benki na ualimu, ambao Kiingereza chao kinashinda cha wajukuu wao. Kwa hao lugha si ukuta. Ukuta ni kwamba kifaa kimepangwa kwa wateja wa Marekani, na kikiharibika hapa hakuna fundi wa kukifungua.

Binadamu hapa hana mpinzani. Anajua kuamkia, anajua lini anyamaze.

Heshima, dini na majirani

Robert na Linda Sparrow, walioandika makala mwaka 2006 kuhusu roboti za kulea wazee, walilalamika kwamba faraja ya mzee mbele ya roboti husimama juu ya udanganyifu: anadhani anapendwa, na hapendwi. Hoja hiyo ina uzito, ingawa naona inawagusa zaidi wanaodanganya kuliko anayedanganywa. Shangazi akiuliza, "Paka huyu yuwapumua kweli?" jibu ni "La, ni wa mawe." Akisahau baada ya dakika tano na kumbembeleza tena, sijamdanganya. Lakini nikimwambia yu hai ili nipate kutoka, nimemdanganya.

Kwetu lililo kali zaidi ni la kumfanya mtu mzima mtoto. Mwanamke aliyelea watoto, akapika harusi za mtaa mzima, leo anapewa sesere mbele ya wakwe zake? Namna ya kumletea ndiyo huamua. Ukimkabidhi kama zawadi ya sherehe, wote mkitazama na simu zikirekodi, atakasirika, na ana haki. Mwekee kitini kimya kimya, mjukuu aanze kumchezea, mzee aulize mwenyewe.

Dini nayo. Mbwa wa Joy for All ni mzuri, huitikia sauti na ana pigo la moyo, lakini katika nyumba za Kiislamu za hapa, zilizozoea kuuona ute wa mbwa kuwa najisi, hata mbwa wa plastiki huleta kinyongo. Paka ni mwenyeji wa Mji wa Kale, hulala juu ya baraza kama mwenye nyumba. Hata hivyo wako wazee wasiotaka sanamu ya kiumbe chochote chumba cha kuswalia. Waulizeni kwanza. ElliQ, isiyo na sura, hapo ina nafuu.

Kuna jambo ambalo watafiti wa Australia hawakuhitaji kulifikiria. Pwani hii wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, hasa upande wa Kilifi na Kwale. Paka anayelia peke yake usiku wa manane katika nyumba ya kizee anayeishi pekee, jirani akichungulia akaona macho yanafumbuka na mwili haupumui, ni balaa la kujitakia. Ana swichi ya kumnyamazisha na ya kumzima. Ioneni mapema, na majirani waonyeshwe mchana.

ElliQ ina suala lake, faragha. Kifaa kinachosikiliza sebuleni hukusanya habari za mzee na za kila anayemtembelea, na tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mzee akubali mwenyewe akiwa anaelewa, na wageni waambiwe. Dada wa kazi naye husikia yote na huyapeleka kisimani, ila angalau mnajua ni nani.

Kwa hali yako

Kama mzee anasahau, mikono haitulii, na jioni huhangaika akitaka "kwenda nyumbani" ilhali yuko nyumbani, paka anafaa kujaribiwa. Kabla ya kutuma dola popote, nenda Kongowea kwenye mitumba utafute mdoli laini wa mnyama, umfue, umweke karibu yake wiki mbili. Utafiti wa Australia ndio uliotupa ruhusa hiyo. Akimpenda, huenda hamhitaji wa mawe. Akimsukuma, mmeokoa pesa.

Kama mnaendesha nyumba ya kulelea wazee wengi, au kitengo cha hospitali, PARO huanza kuleta maana: gharama inagawanyika, kuna mtu wa kumsafisha na kumchaji, na kuna mhudumu wa kukaa naye na mzee kile kipindi cha robo saa. Kwa nyumba moja sioni sababu, isipokuwa pesa si tatizo na mzee amewakataa wengine.

Kama mzee ana akili timamu, anajua Kiingereza, anapenda vifaa, na kinachomuuma ni ukimya wa nyumba, mashine ya maneno ya aina ya ElliQ inamfaa kuliko paka, ambaye atamwona tusi. Subirini kifaa chenye huduma ya uhakika hapa; kwa sasa simu yenye video na ratiba ya watoto kupokezana kupiga inafanya sehemu kubwa ya kazi ile.

Kama mzee amewahi kuanguka, haendi chooni peke yake, au ameshawahi kuacha jiko likiwaka, msipoteze muda na mashine. Tafuteni mtu, mlipeni mshahara wa sheria, na mpeni siku ya kupumzika. Paka anaweza kuja baadaye kumsaidia huyo mtu, si kushika nafasi yake.

Kama ndugu wanabishana kwa sababu walio mbali wanataka kutuma kitu na walio karibu wanataka kutumiwa mtu, andikeni saa za mchana za mzee kwenye karatasi: saa gani anahitaji mikono, saa gani anahitaji sauti, saa gani anahitaji kitu cha kushika. Sisi tulifanya hivyo. Ikaonekana asubuhi anahitaji mtu wa kumwosha na kumpa chai, na alasiri anahitaji kitu mkononi. Wa Muscat na wa Marekani wanachangia mshahara wa mama mmoja wa mtaa, anayekuja saa mbili hadi saa saba. Sungura wa mitumba nilimnunua kwa shilingi 150. Shangazi amempa jina la mbuzi aliyekuwa naye utotoni, humfunika kwa leso, na juzi aliniambia nisimpandishie sauti, amelala.